Fumbwa iko karibu na shimo, lakini mbali na sahani



Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, pita Soko Kuu pale Makiso. Utasikia kisu kikipita kwenye majani, kra, kra, kra, bila kupumzika. Ni mama wa fumbwa. Amekusanya majani kadhaa, ameyakunja pamoja na kuyakaza mkononi, na kisu chake kinayakata membamba sawa uzi. Mbele yake kuna mafungu ya kijani ya kukolea, tayari kwa chungu. Muulize fumbwa yake inatoka wapi, atakujibu: « Iko inatoka mbali sasa, papa. » Inafika kwa baiskeli kwa barabara ya Buta, ya Ituri au ya Lubutu, na nyingine inafika kwa pirogi.

Leo tunazungumza juu ya jani hilo. Tunawaandikia kwanza ninyi wachimbaji na familia zenu, sababu ninyi njo mnaishi katikati ya pori linalolizaa. Wengi wenu, kule Bafwasende au Banalia, mnalala hatua chache tu kutoka kwa kamba ya fumbwa. Lakini jioni kwenye kambi sahani ni mchele na makayabu, au fufu na kopo la sardini. Tumejiuliza: juu ya nini? Na jani hili linatupa nini kweli, mbali na maneno ya wauza dawa?

Kamba isiyokuwa na maua

Wataalam wanaiita fumbwa Gnetum africanum. Iko na ndugu yake wa karibu sana, Gnetum buchholzianum, na sokoni zote mbili zinauzwa kwa jina moja. Ni kamba ya porini inayopanda juu ya miti, kwenye kivuli, na haipotezi majani yake mwaka mzima. Kitu cha kushangaza ni kwamba haizai maua ya kweli kama maharage au mhogo. Katika ukoo wa mimea, iko karibu zaidi na miti ya msonobari ya nchi za baridi kuliko na mboga nyingine za shambani.

Si sisi peke yetu tunaoila. Ng’ambo ya mto, Brazzaville, wanaiita koko. Kameruni ni eru au okok. Nigeria ni afang au ukazi. Na Wakongo walioko Ubelgiji wanaipata Matonge ya Brussels, imesafiri kwa ndege. Jani lake ni gumu, halinyauki upesi kama lenga-lenga, kwa hiyo linavumilia safari ndefu. Ugumu huo huo njo unatulazimisha kulikata jembamba na kulipika muda mrefu.

Wazee wetu hawakulitumia kwa tumbo tu. Katika nchi za pori la Afrika ya Kati, majani ya fumbwa yamekuwa yakitumiwa kwa uvimbe wa bandama, maumivu ya koo na bawasiri, yakibandikwa juu ya majipu, na wengine waliyachemsha ili kupunguza uchungu wa kuzaa. Hayo ni matumizi ya kienyeji na tunayaheshimu. Lakini matumizi ya wazee ni jambo moja, na dawa iliyopimwa kwa wagonjwa ni jambo lingine. Tutarudi hapo.

Ndani ya jani mna nini

Tuanze na chakula. Mwaka 1993 mtaalam wa Brazzaville, Mialoundama, aliandika juu ya thamani ya majani haya katika kitabu kikubwa cha UNESCO kuhusu mapori na chakula. Tangu wakati huo wengine wengi wamepima. Vipimo vinatofautiana kufuatana na udongo, umri wa jani na namna ya kupima, lakini kwa gramu 100 za majani yaliyokauka kabisa, protini mara nyingi inakuwa karibu gramu 16.

Mtu atasema: lakini sisi hatuli majani makavu. Ni kweli. Jani bichi lina maji mengi, kwa hiyo gramu 100 za fumbwa ya sokoni zinaweza kuwa na kama gramu sita za protini. Hiyo ni karibu sawa na yai moja. Kwa jani, si kidogo. Ila protini ya jani haiingii mwilini kwa urahisi kama ya yai, sababu imefungwa ndani ya nyuzinyuzi nyingi.

Nyuzinyuzi zenyewe zina kazi. Zinasaidia choo kutoka vizuri, zinafanya mtu ashibe, na zinapunguza mwendo wa sukari kuingia kwenye damu. Kwa mtoto mdogo, tahadhari kidogo: tumbo lake ni dogo, linajaa majani kabla hajapata nguvu ya kutosha. Kwake ikatwe jembamba sana, ipikwe ilainike, na iongezwe karanga na samaki.

Halafu kuna madini: kalisi, magnesi, chuma, zinki. Na kuna ile rangi ya kijani ya kukolea, inayoonyesha kwamba ndani mna karoteni, kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya ngozi. Karoteni inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Hapo mama zetu walijua kupika kabla hakujakuwa na maabara: wanaitia fumbwa mafuta ya mawese, ambayo yenyewe yana karoteni tele, pamoja na karanga ya kusaga na samaki ya kukausha. Karanga na samaki vinaongeza protini, mafuta yanabeba vitamini.

Kutu ya mwili

Siku hizi neno linalotembea sokoni na kwenye simu ni antioksidanti. Wengi wanalitaja, wachache wanalieleza. Tujaribu.

Mchimbaji anajua kutu. Acha baramini yako kwenye mvua wiki mbili, itaanza kuwa nyekundu. Ni oksijeni ya hewani inayokula chuma. Jani la fumbwa lililokatwa pia linageuka rangi likikaa hewani, na mafuta ya zamani yanaanza kunuka. Yote ni kazi ya oksijeni.

Ndani ya mwili, oksijeni tunayoivuta inatupa nguvu, lakini inaacha pia vipande vikali vinavyoitwa radikali huru. Vinagonga mafuta ya chembechembe za mwili, vinagonga protini, vinagonga hata ule uzi wa urithi. Moshi wa sigara, moshi wa jenereta, vumbi la mawe na magonjwa vinaviongeza. Mwili una askari wake wa kuvizuia, na chakula kinaleta wengine: vitamini C, vitamini E, karoteni, na jamii kubwa ya vitu vinavyoitwa polifenoli. Hao wote njo antioksidanti.

Fumbwa iko na polifenoli. Watafiti wanazipima namna hii: wanachukua maji yaliyochanganywa na kitu chenye rangi ya zambarau, ambacho ni radikali yenyewe, wanatia dawa iliyotolewa kwenye jani. Zambarau ikififia na kuwa manjano, wanajua jani limeituliza. Fumbwa inafififisha rangi hiyo, kama vile mboga nyingine nyingi za kijani.

Lakini ndugu msomaji, chupa ya maabara si mwili wa mtu. Kitu kinachofifisha rangi kwenye kioo lazima kwanza kipite tumboni, kivuke utumbo, kisafishwe na ini. Kinachofika kwenye damu ni kidogo, na mara nyingi kimegeuka. Ndiyo maana kipimo cha rangi hakiwezi kutuambia kwamba fumbwa inaponya kansa, sukari au presha.

Tena kuna fundisho kutoka Finlandi. Kule watafiti walichukua wanaume wavuta sigara 29,133, wakawapa baadhi yao vidonge vya karoteni, wakitumaini kuwakinga na kansa ya mapafu. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliokunywa karoteni walipata kansa ya mapafu zaidi, asilimia 18 juu ya wenzao. Karoteni ile ile ambayo ndani ya chakula haina shida, ilipotolewa peke yake na kutiwa kwa wingi kwenye vidonge, iligeuka. Kwa hiyo mtu akikuletea kambini unga au chupa ya majani, akisema « hii iko na antioksidanti, inaponya yote », weka dhahabu yako mfukoni. Kwa bei ya chupa moja familia inakula fumbwa siku nyingi.

Chuma: jambo la mama zetu

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Polifenoli zile zile zinazosifiwa zina tabia ya kukamata chuma tumboni na kukizuia kisiingie kwenye damu. Mama mwenye mimba anaambiwa ale majani ya kijani kwa ajili ya damu, anakula, lakini damu haipandi. Si kwamba amedanganywa. Chuma kimo kwenye jani, ila kinaingia kidogo.

Tufanyeje? Vitamini C inafungua mlango. Lakini ile ya kwenye jani lenyewe inakufa kwa sehemu kubwa wakati wa kupika. Kwa hiyo kamua limao juu ya sahani, au kula papai, pera au chungwa baada ya chakula. Weka samaki au nyama kidogo ndani ya chungu, nayo inasaidia chuma cha jani kuingia. Chai na kahawa usinywe pamoja na chakula. Ngoja saa moja au mbili.

Na upungufu wa damu hauletwi na chakula peke yake. Malaria inakula damu. Minyoo ya ndoana inainyonya utumboni, nayo inaingia kupitia ngozi ya miguu, kwenye matope yaliyochanganyika na mavi ya watu. Mwaka 1880 wafanyakazi waliochimba tuneli ya reli ya Gotthard, kule Uswisi, walianguka kwa wingi kwa upungufu wa damu, na chanzo kilikuwa minyoo hiyo. Tangu zamani ugonjwa huu uliitwa ugonjwa wa wachimbaji. Mtu anayeingia shimoni miguu mitupu, kambi isiyokuwa na choo, hata ale fumbwa asubuhi na jioni, minyoo itakula kabla yake. Buti, choo na dawa ya minyoo ya santri ya afya vinatangulia, kisha jani linafuata.

Zebaki haisafishwi kwa jani

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Kwenye karieri za dhahabu, wengi wanatumia zebaki, ile tunayoita merkire, ili kukusanya unga wa dhahabu. Kisha wanaichoma, zebaki inapanda kwa mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauonekani na hauna harufu. Unaingia kwa mapafu, unaharibu ubongo na figo, na kwa mama mwenye mimba unamfikia mtoto tumboni.

Kuna maneno yanayotembea kwamba majani fulani yanasafisha merkire mwilini. Tunasema wazi: hakuna mboga inayofanya kazi hiyo, wala fumbwa. Anayetetemeka mikono, anayesahau ovyo, aende hospitali na aseme kazi anayoifanya.

Tena jambo lenyewe linaweza kugeuka. Majani ya miti yanavuta zebaki kutoka hewani. Mwaka 2022 watafiti walitangaza waliyoyaona Madre de Dios, nchini Peru, kwenye pori lililo jirani na wachimbaji wa dhahabu: majani ya miti yalikuwa yamekamata zebaki nyingi sana. Pori la kule na pori letu yanapumua namna moja. Mboga iliyokatwa kando ya mahali pa kuchomea haifai, na kuiosha hakutoshi, sababu zebaki iko mpaka ndani ya jani. Kwa hiyo chuma fumbwa mbali na pale, mbali kabisa na njia ya upepo wa moshi. Usichomee dhahabu jikoni wala ndani ya nyumba. Na sufuria au kikaango kilichochomea dhahabu kisirudi kamwe kupika chakula cha watoto.

Wanaoishi karibu na pori

Tulianza na swali: juu ya nini jani liko karibu na hatulili? Swali hili si letu peke yetu. Miaka ile Tshopo ilipokuwa bado distrikti ya Mkoa wa Mashariki, mtafiti Céline Termote wa Chuo Kikuu cha Ghent, pamoja na wenzake, walifanya kazi hapa kwetu. Kwa Waturumbu, Wambole na Wabali waliandika mimea ya porini inayoliwa, zaidi ya mia moja, na fumbwa ikiwemo. Kisha waliuliza wanawake wa mjini Kisangani na wa vijijini walikula nini jana yake. Majibu, yaliyotangazwa mwaka 2012, yalihuzunisha: mimea ya porini ilichangia kidogo tu kwenye chakula chao. Kukaa kwenye utajiri wa pori hakukufanya chakula kiwe bora zaidi.

Tukifikiri kambi zetu, hatushangai. Mchimbaji anatoka shimoni jioni, amechoka, hana saa mbili za kukata na kupika. Mchele na kopo vinaiva upesi. Wengine wanaona mboga ya porini ni chakula cha maskini, na yeye amekuja kutafuta utajiri. Mwenye kupika pale ni mara nyingi mama mmoja kwa midomo mingi, na anapika kile alicholipiwa. Wanaume, jambo hili ni letu. Mnapochanga pesa za chakula, ongezeni za mboga na karanga, na mmoja wenu achume njiani akirudi.

Chungu, kisu na kamba

Namna ya kupika ni ile ya mama zetu. Osha majani kabla ya kukata, si baada ya kukata, sababu maji yanaondoka na vitamini. Kata membamba. Ukinunua iliyokwisha kukatwa, ipike siku ile ile. Tia maji kiasi kidogo, na maji hayo usiyamwage; madini na sehemu ya polifenoli zimehamia humo. Ongeza kitunguu, nyanya, karanga ya kusaga, samaki ya kukausha, na mawese mwishoni. Chumvi kidogo inatosha, samaki ina yake. Kula na lituma, wali au fufu. Mara mbili au tatu kwa wiki, ukibadilishana na sombe, matembele na lenga-lenga, inafaa kuliko kila siku jani moja.

Sasa, ile « iko inatoka mbali » ya mama wa sokoni. Zamani fumbwa ilikuwa karibu. Inakwenda mbali sababu wengi hawaikati, wanaivuta mpaka mizizi inang’oka, au wanaangusha mti mzima ili kufikia majani ya juu. Shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, UICN, limeiweka Gnetum africanum kwenye orodha ya mimea inayokaribia hatari. Kamba iliyokatwa kwa kisu, ikaachiwa mizizi na vifundo kadhaa vya chini, inachipuka tena. Iliyong’olewa imekwisha.

Inaweza hata kupandwa. Kule Kameruni, Bustani ya Mimea ya Limbe imeonyesha njia kwa miaka mingi. Mbegu inachelewa sana kuota, kwa hiyo wanatumia vipande vya kamba vyenye jani: wanavichomeka kwenye mchanga au unga wa mbao wenye unyevu, kivulini, mpaka vitoe mizizi, halafu wanavihamishia chini ya mti wa kupandia. Mama aliyebaki kijijini au kwenye kartié ya Mangobo au Lubunga, akiwa na mti mmoja wa kivuli nyuma ya nyumba, anaweza kujaribu. Shimo la dhahabu linakauka siku moja, kila mchimbaji anajua. Kamba nyuma ya nyumba inaendelea kutoa.

Wewe uliye kambini, kesho ukienda mtoni, tazama juu ya miti: jani la kijani ng’aavu, gumu, yamepangana mawili mawili kwenye kamba. Kama huijui vizuri, muulize mzee wa kijiji kabla hujachuma, sababu porini kamba zinafanana na nyingine ni sumu. Ukiipata, kata, usivute, na peleka kwa mama wa chungu. Mwambie aongeze karanga.